Mguu Sawa Ndani ya Boti

Enzi zetu sisi watoto wa kambini, mtoto alijua kusimama mguu sawa kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Nawaambia hivi wenzangu wa rika langu mcheke kidogo, maana najua mko huko mnasoma na miwani puani, magoti yanalalamika, lakini tarumbeta ikilia sasa hivi nusu yenu mtainuka kwenye viti na kumwaga chai. Msibishe. Mimi mwenyewe nimeshamwaga.

Kambi yetu ya polisi ilikuwa ubavuni mwa kilima, upande wa Nakawa, Kampala. Tuliishi kwenye zile nyumba za mabati za mviringo, zimepangwa mistari kama vile nazo zinasubiri kukaguliwa. Mchana ndani kulikuwa tanuri, na mvua ikinyesha ilibidi mpigiane kelele hata kuombana chumvi. Kila kabila lilikuwepo. Jirani wa kushoto Waacholi, wa kulia Wateso, mbele yetu familia ambayo baba alikwenda msikitini na mama kanisani, na watoto walikula sikukuu zote mbili, tukawaonea wivu mwaka mzima. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na kilikuwa Kiswahili cha kambini, cha kuamrishana. Hatukujua kuomba maji. Tulisema, "Leta maji!" na yakaletwa.

Michezo haikuwa na gharama. Tulicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa soksi kuukuu zilizojazwa mifuko ya plastiki, na ukipigwa mgongoni unajua umepigwa. Wavulana walichimba mashimo ardhini wakacheza omweso, bao la Waganda, kwa kokoto mpaka wakagombana. Msimu wa nsenene tuliwakimbiza wale panzi chini ya taa za geti, tukawanyonyoa mabawa, mama akawakaanga kwa vitunguu, na harufu yake ikatoka nyumba hadi nyumba. Vijana wa leo wanawanunua nsenene wameshafungwa kwenye kopo, halafu wanawapiga picha kwanza. Panzi anapigwa picha! Sisi panzi tulimpiga meno.

Sasa nikueleze habari ya bendera, maana bila hiyo hutanielewa. Kila siku saa kumi na mbili jioni bendera ilishushwa, na tarumbeta ikilia kambi yote ilisimama. Sisemi watu walipunguza mwendo. Walisimama. Mama akiwa ameinua mwiko, mwiko ulibaki hewani. Mpira ukiwa unaelekea golini, uliingia wenyewe na hakuna aliyeshangilia. Na haikutosha kusimama. Ulitakiwa ugeukie mlingoti, popote ulipo, mikono ubavuni, macho mbele, hadi tarumbeta inyamaze. Mama yangu aliunguza maharage mara nyingi kwa ajili ya nchi hii, na hajawahi kupewa nishani.

Aliyetufundisha hayo yote alikuwa baba yangu, Sajini Ojok, mwalimu wa gwaride. Alikuwa mrefu, mweusi, mkavu, viatu vyake vinang'aa ungeweza kuchania nywele humo. Aliwafundisha askari wapya asubuhi, na jioni akatufundisha sisi watoto wa kambi bila kuombwa na mtu. "Nzi akitua puani, mwache atue," alisema. "Nzi ataondoka. Bendera haitarudi." Tulimwogopa wote. Mimi nilimwogopa kuliko wote kwa sababu mimi nililala nyumbani kwake.

Nyumbani hakuvua usajini. Akiingia nasikia, "Akello, ripoti!" Nami nasimama mbele yake, visigino pamoja, naripoti: shule nilikwenda, hesabu nilipata, mdogo wangu nilimwogesha, sufuria nilisugua. Akisikia kitu kimekosekana anatikisa kichwa tu, na kile kichwa kilitosha. Nilimpenda sana baba yangu, lakini nilimpenda kwa mbali, kama unavyompenda mtu anayepita kwenye gwaride. Kumkumbatia? Angeuliza nani ametoa amri.

Isipokuwa Jumapili, bwawani.

Chini ya kambi, pale kilima kinapoishia, kulikuwa na bwawa. Vijito vya mlimani viliingia humo, ukuta wa mawe ukayazuia maji, na kando ya ukuta ikajengwa nyumba ya pampu iliyoyasukuma hadi kwenye tangi kule juu, ndipo yashuke kwenye mabomba yetu na ya mitaa ya jirani. Maji ya kunywa hayo. Lakini ukingo wa bwawa ulikuwa na nyasi nzuri na miti michache, na Jumapili baada ya ibada geti lilifunguliwa, watu wakaingia na mikeka na masufuria. Sisi tulibeba posho, yaani ugali, na maharage na ndizi mbivu za bogoya. Wengine walileta mihogo ya kukaanga. Kulikuwa na upepo pale, jamani. Ukitoka kwenye yale mabati ukakaa kwenye ule upepo, unajisikia umeoga.

Na hapo ndipo baba alipofanya jambo ambalo hakulifanya popote pengine. Alikaa kwenye nyasi, akafungua kamba za viatu polepole, akavivua, akavua na soksi, akanyoosha vidole vya miguu na kusema, "Miguu imepewa likizo." Kisha akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, kinaanzia tumboni, kinamtikisa mabega. Alinikalisha pembeni yake akanisimulia habari za kwao kaskazini, jinsi alivyochunga mbuzi wa babu yake, jinsi mbuzi mmoja alivyompiga kichwa akaangukia kwenye pombe ya harusi. Alinimenyea bogoya. Aliniita "mama yangu," kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Sajini Ojok aliachwa kwenye viatu, na mimi nikawa na baba mpaka jioni. Wiki nzima niliishi kwa kuisubiri Jumapili, na sioni aibu kusema.

Basi mnaelewa kwa nini maneno ya Mzee Lutaaya yaliniingia mwilini. Mzee Lutaaya ndiye aliyekuwa msimamizi wa pampu. Alikuwa Muganda mfupi, mnene, aliyewahi kuwa askari wa jeshi siku za zamani, na kila Jumapili alisimama getini na kututangazia sheria yake kwa Kiswahili alichokipata jeshini. "Hii maji ni ya kukunywa! Kaa, kula, cheza. Lakini mutu moja akianguka ndani, moja tu, mimi nafunga geti. Nafunga kabisa! Funguo natupa mu maji."

"Mzee, ukiitupa funguo si utakuwa umeyachafua maji?" Mama aliwahi kumuuliza.

"Nyabo, wewe ingia," alijibu, maana kila mama kwake alikuwa nyabo.

Tulicheka, lakini tulijua hatanii. Bwawa la upande wa pili wa mji lilikuwa limefungwa hivyo hivyo, na watu wake sasa walikaa Jumapili majumbani wakitazamana. Kila nilipoona mtoto anasogelea maji nilimvuta shati. Watoto wenzangu wakaniita Askari wa Samaki. Sikujali. Geti likifungwa, baba angefungulia wapi kamba za viatu?

Upande wa pili wa geti la kambi kulikuwa na kichochoro cha maduka, na humo waliishi familia za Waislamu ambao mababu zao walitoka pwani na biashara zao zamani sana, wakakaa Kampala hadi wakawa wenyeji kuliko wenyeji. Bi Mwanaidi alikuwa na duka la vitambaa na viungo, na binti yake Zuhura alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Bi Mwanaidi hakuvumilia Kiswahili chetu. Nikiingia dukani na kusema, "Leta binzari!" anaangalia dari. "Nani amesema? Mbona nasikia kama gari la polisi?" Ninarudi mlangoni, naingia upya: "Shikamoo Bi Mwanaidi, naomba binzari." "Marahaba, mwanangu. Sasa nakuona." Hiki Kiswahili mnachokisoma hapa ni chake. Nilikipata kwa kuingia mlango uleule mara mbili mbili.

Kila mwanzo wa mwaka, kabla ya mvua kubwa, bwawa lilijaa magugu. Ofisi ya maji ilikuwa na watu wachache, kwa hiyo Mzee Lutaaya akabuni utaratibu wake. Watoto wa kambi na watoto wa kichochoro tungekuja kung'oa magugu ya ukingoni siku nzima, na jioni angetuazima maboti mawili ya pampu, yale bapa ya mbao, tushindane kuvuka maji. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yetu. Washindi walipewa ukoko wa pilau ya Bi Mwanaidi, ule wa chini kabisa wa sufuria, wenye mafuta na iliki na vipande vya nyama vilivyoshikana. Acha nyama, acha mchele wa juu. Ukoko ule watu wazima walikuwa wanauvizia.

Kambi ilikuwa imeshindwa miaka yote. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu ila sisi. Watoto wa kichochoro walipiga makasia kwa kuimba, mmoja anapiga debe, wanayumba yumba, wanacheka, wanafika. Sisi tulipiga makasia kwa gwaride. Baba alitufanyisha mazoezi nchi kavu, tumekaa kwenye mabenchi ya kantini na mafagio mikononi: "Kushoto! Kulia! Kushoto! Kulia!" Tulikuwa wazuri sana kutazama. Boti letu lilienda kwa heshima kubwa na polepole sana.

Mwaka huo nilichaguliwa mara ya kwanza. Nilikaa nyuma kabisa kwa sababu nilikuwa mwepesi. Magugu tulikuwa tumeyang'oa tangu asubuhi, mikono inanuka tope. Mashindano yalitakiwa yaanze mapema, lakini pilau ilichelewa kuiva, halafu ikawa tamu kupita kiasi, watu wakaongeza, wakaongeza tena, na Afande Mkuu wa kambi, aliyekuja na familia yake, akatoa hotuba ya kumshukuru mpishi ambayo ilikuwa ndefu kuliko pilau yenyewe. Hakuna aliyeangalia saa. Jua lilikuwa limeshainama tulipoingia kwenye maboti.

Tukaanza. Na siku ile, sijui ni tamaa ya ukoko au ni hasira za miaka, tuliruka! Kushoto, kulia, kushoto, kulia, maji yanaruka, boti la akina Zuhura liko nyuma yetu kidogo, debe lao limepoteza mdundo. Ukingoni watu wamesimama wanapiga kelele. Mama amefunga mdogo wangu mgongoni, anarukaruka naye. Baba alikuwa karibu na maji, bila viatu, suruali imekunjwa hadi magotini, anapunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza ndege. "Kazeni, wanangu! Kazeni!" Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Nilijawa na furaha mpaka nikasahau kuogopa maji, mimi Askari wa Samaki. Tulikuwa tunashinda.

Ndipo tarumbeta ikalia.

Mnajua tulichofanya. Msijifanye hamjui. Mkono haukuuliza kichwa. Makasia yakaanguka, tukainuka wote kwa pamoja ndani ya boti, mguu sawa, safi kabisa, na kwa kuwa mlingoti ulikuwa upande wetu wa kulia, nyuma ya watu, tukageuka kulia. Wote. Kwa mkupuo mmoja, kama tulivyofundishwa. Na boti nalo likageuka kulia.

Chubwi!

Watu huniuliza kama tulipiga mayowe. Hatukupiga. Bendera ilikuwa haijafika chini. Wenzangu walilishika boti lililopinduka wakaning'inia kimya kimya, vichwa vimeelekea mlingotini, maji yanawatoka puani. Mimi niliyekaa nyuma niliangukia upande wenye kina. Hatukujua kuogelea hata mmoja wetu. Nilipiga mikono, nikaona mwanga wa kijani, nikameza maji, nikatoka, nikazama tena. Na ile hofu ilikuwa mbili kwa pamoja, sitasahau: nakufa, na geti linafungwa.

Huku nyuma, kama nilivyosimuliwa baadaye, ukingo mzima ulikuwa umeganda. Akina baba na akina mama wa kambi wote wamelipa mgongo bwawa, wameukabili mlingoti, macho mbele. Wamesikia ule mshindo. Masikio yamegeuka, miili haijageuka. Mzee Lutaaya mwenyewe, mwanajeshi wa zamani, alikuwa ametoka nyumba ya pampu na kusimama mguu sawa na kitambi chake. Tarumbeta inaendelea. Aliyevunja ule ukimya ni Zuhura, ambaye hakuwa mtoto wa kambi. Watoto wa kichochoro waliacha kupiga makasia kwa heshima, kama kawaida yao, lakini walibaki wamekaa, wenye akili zao. "Akello anazama!" alipiga ukelele. "Baba Akello! Akello anazama!"

Na Sajini Ojok, aliyemwacha nzi atue, aliyeyaacha maharage ya mkewe yaungue, aligeuka. Tarumbeta ikiwa bado inalia, bendera ikiwa katikati ya mlingoti, aliupa mgongo akaingia majini na suruali yake ya Jumapili. Naye hakujua kuogelea! Kwao hakukuwa na ziwa, kulikuwa na mbuzi. Alitembea tu, maji kiunoni, maji kifuani, maji yanamfikia kidevuni, mkono ameunyoosha mbele, na ule mkono ukanishika nguo. Nyuma yake alikuja Bi Mwanaidi na buibui lake lote, mwiko wa pilau mkononi, akamnyooshea baba ule mwiko, na baba akaushika. Ndivyo tulivyotolewa. Zuhura na wenzake waliwasogezea waliobaki boti lao.

Tarumbeta iliponyamaza na watu wakageuka, mimi nilikuwa nimeshafichwa nyuma ya gauni la mama, lile pana la gomesi, ninatapika maji kwenye nyasi. Mzee Lutaaya akaja mbio, funguo zinalia kiunoni.

"Nani ameanguka mu maji? Nimesikia! Nani ameona?"

Mimi nimemshika mama mguu. Nikawa naangalia zile funguo.

Afande Mkuu akakohoa, akajiweka sawa kofia. "Mzee Lutaaya, bendera ilikuwa inashuka. Mimi nilikuwa naangalia bendera. Mama huyu alikuwa anaangalia bendera. Kambi yote ilikuwa inaangalia bendera." Akamsogelea kidogo. "Na wewe, mzee, ulikuwa unaangalia wapi?"

Mzee Lutaaya akazishika funguo zake. Mwanajeshi wa zamani angesemaje? "Na mimi," akasema polepole, "naangalia bendera."

"Basi hakuna aliyeona."

Akamgeukia baba, ambaye alikuwa amesimama mguu sawa, peku, anachuruzika maji kutoka kidevuni mpaka vidoleni. "Sajini Ojok."

"Afande!"

"Mbona umelowa?"

"Jasho, Afande."

"Jasho. Saa kumi na mbili jioni."

"Ndiyo, Afande. Jua lilikuwa kali."

Mzee Lutaaya alimtazama juu hadi chini. Kisha akanyoosha mkono, akatoa gugu la kijani kwenye bega la baba, akaliinua watu wote walione. "Hata jasho yako iko na magugu," akasema, na akaanza kucheka mwenyewe, kitambi kinaruka, na hapo ukingo mzima ukaangua kicheko. Geti halikufungwa. Jumapili iliyofuata tulikuta ameandika kwa rangi nyeupe ubavuni mwa maboti yote mawili, herufi kubwa: KAA CHINI.

Nani alishinda? Mpaka leo hatujakubaliana. Zuhura, ambaye ana duka lake Wandegeya, anasema boti lililopinduka halishindi. Mimi nasema tulikuwa mbele. Bi Mwanaidi alituvunjia ukoko wote sawasawa, tukala tumelowa, na sijala kitu kitamu kama kile tena.

Lakini kwangu ushindi ulikuwa wa kurudi nyumbani. Baba alinibeba mabegani. Alipita geti la kambi hivyo hivyo, peku, suruali imemganda, viatu vinavyong'aa vimening'inia shingoni kwa kamba, na mimi nimemshika masikio. Askari aliowafundisha gwaride walimpigia saluti, naye akawajibu kwa kichwa kwa sababu mikono ilikuwa imeshika miguu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa na baba yangu ndani ya kambi. Tulipofika nyumbani nilisimama mbele yake, visigino pamoja, nikasubiri. Hakuniambia niripoti. Alichukua taulo akanikausha nywele.

Hakuwahi kulizungumzia. Nimemuuliza nikiwa msichana, nimemuuliza nikiwa mke wa mtu, nimemuuliza nikiwa na watoto: "Baba, siku ile uligeuka tarumbeta ikilia?" Jibu ni lilelile. "Mimi nilikuwa naangalia bendera."

Siku hizi nakaa naye, karibu tu na pale, na Jumapili nyingine nampeleka bwawani. Lipo bado, maji yanasukumwa bado. Wameliwekea uzio, unaingia kwa tiketi, kuna maboti ya kukanyaga yenye umbo la bata, na kila anayepanda anavishwa jaketi la kuelea. Hilo la jaketi nalisifu bila wivu. Tungekuwa nayo sisi, nisingekunywa maji ya wilaya nzima. Nyasi ni zilezile. Pilau inauzwa kwenye visahani vya karatasi, na ukiuliza ukoko wanakuambia samahani mama, hatuuzi chakula kilichoungua. Nilitaka kulia.

Vijana wanakuja wengi, na wanapendeza, nisiwe mnafiki. Ila hawakai. Wanasimama na kuupa mgongo ule uzuri wote ili wajipige picha nao. Tarumbeta siku hizi inatoka kwenye kipaza sauti kule kambini, inakwaruza, na ikilia hakuna bata hata mmoja anayesimama. Kinachonisumbua si hicho lakini. Enzi zetu watu wote walijua kugeuza macho pamoja mtu akipatwa na la kumpata. Leo ukianguka majini, kabla hujatoka umeshaonekana Entebbe, Jinja na Nairobi, na umewekewa na muziki. Namwambia hivyo binti yangu Aber, ana miaka ya kujua kila kitu, na simu haimtoki mkononi. Ananijibu, "Mama, hiyo hadithi ya boti nimeisikia. Naijua kuliko wewe."

Jumapili iliyopita tulikwenda watatu. Baba alivua viatu mwenyewe, ilimchukua muda, sikuthubutu kumsaidia. "Miguu imepewa likizo," akasema. Miguu imekonda sasa, mishipa imesimama. Tulikaa kwenye mteremko karibu kabisa na maji, tukala bogoya. Aber alikuwa juu yetu kidogo, anarekodi mabata.

Kipaza sauti kikakwaruza. Tarumbeta.

Baba aliinuka bila fimbo. Fimbo ilibaki kwenye nyasi. Akageukia kambini, mikono ubavuni, kidevu juu, yule yule Sajini Ojok, na mimi pembeni yake nikasimama mguu sawa, mwanamke mzima, vijana wanatutazama. Macho mbele. Lakini kwa pembe ya jicho nikaona magoti yake yanatetemeka. Nyasi zilikuwa zimelowa. Akaanza kuelemea nyuma, taratibu, kuelekea majini, na hakuinua mikono, hakutafuta fimbo, angeanguka hivyo hivyo mguu sawa. Tarumbeta ilikuwa bado inalia. Nikageuka. Nikamdaka kwa nyuma, mikono yote miwili kifuani kwake, nikamshikilia wima, nikahisi mbavu zake, nikahisi moyo unavyokwenda. Hakugeuza uso. Tukabaki hivyo hadi mwisho.

Kipaza sauti kiliponyamaza, baba akauliza, macho bado mbele, kwa sauti ileile ya gwaride, "Nani amesogea?"

Nikageuza kichwa nikamwona Aber amesimama juu ya mteremko, wima, visigino pamoja, ameielekea kambi. Simu hakuwa nayo mkononi, ilikuwa mfukoni.

"Sijui, Babu," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia bendera."

Baba akacheka, kile kicheko chake cha bwawani, kikamtikisa mabega, na mimi nilikuwa bado nimemshika.